Kutoka Waithaka hadi Kilo Tisini na Saba

Tangu Jumapili mmekuwa mkija dukani mmoja mmoja, mnanunua chakula cha kuku ambacho najua kuku wenu hawakihitaji, kisha mnaegemea kaunta na kuuliza: Wambui, ilikuwaje? Nimejibu "nilishindwa" mara nyingi mpaka neno lenyewe limechoka. Ni kweli, lakini si yote. Kwa hivyo nimeandika. Mkimaliza kusoma, mje mniulize bei ya pumba.

Kwa wale wanaonijua kama mwanamke wa magunia tu, niseme hivi. Nilikuwa na miaka ishirini mzee mmoja mwenye kilemba alipokuja hapa kununua chakula cha kuku wa mayai. Aliniona nikirusha gunia juu ya gari akauliza, "Nani alikufundisha kukunja magoti hivyo?" Nikamwambia, "Gunia." Akacheka mpaka akakohoa. Huyo ndiye Mwalimu Jaswant. Alikuwa fundi wa magari aliyestaafu, na ujanani alikuwa ameshindana kunyanyua vyuma. Alikuwa na kibanda cha mabati kule Jamhuri, chenye vyuma vitatu na jukwaa la mbao. Nilikwenda Jumamosi moja kuona tu. Nimekwenda miaka kumi na sita.

Katika miaka hiyo nimeshinda hapa nyumbani, lakini nje ya nchi sijawahi kutoka. Mara ya kwanza nilipochaguliwa nilikuwa na mimba ya binti yangu Muthoni. Mara ya pili bega lilichanika. Mara ya tatu jina langu lilikuwa kwenye orodha Ijumaa, na Jumatatu halikuwepo, na hakuna aliyenieleza. Mwaka huu nina miaka thelathini na sita. Kulikuwa na nafasi moja ya kusafiri katika uzito wangu, na mshindi wa mashindano ya Jumamosi ndiye angeipata. Mwalimu aliniambia, "Hii ndiyo."

Waithaka hadi Jamhuri

Nilitoka nyumbani saa moja asubuhi, kwa miguu. Tangu Alhamisi nilikuwa sijala kitu kizito, na maji nilikuwa nikiyanywa kwa kifuniko cha chupa. Wanyanyuaji hushindana kwa daraja la uzito wa mwili. Daraja langu ni kilo sitini na nne, na ukizidi hata kidogo unabeba begi lako na kurudi nyumbani. Ijumaa jioni nilijipima kwenye mizani hii ya magunia, ikasema sitini na nne kamili. Nilimpigia Mwalimu simu kumwambia. Akasema, "Mizani ya chakula cha kuku haipimi mtu. Njoo kesho ukitembea, utoke jasho, nikupime mwenyewe."

Basi ndani nilivaa karatasi ya nailoni niliyoitoboa mahali pa kichwa na mikono, juu yake sweta mbili, na juu yake koti la mvua la marehemu baba. Jua lilikuwa limeshawaka. Kabla ya kufika kituo cha Satellite jasho lilikuwa linatiririka ndani ya viatu.

Hapo Satellite nilikutana na Mama Kuria, mteja wetu wa siku nyingi, akiuza uji mlangoni pake.

"Wambui! Ingia unywe kikombe kimoja. Mbona umevaa hivyo na jua hili?"

"Asante mama, leo sinywi."

"Umefunga?"

"Ni kama kufunga."

Akaweka jagi chini, akanishika mikono yote miwili, akaanza kuomba hapo hapo kando ya barabara, watu wakitupita. Aliomba Bwana aguse moyo wa Baba Muthoni, amrudishe nyumbani kwa mkewe. Baba Muthoni aliondoka miaka minane iliyopita na sijawahi kufunga hata chai kwa ajili yake. Lakini kueleza kungenimalizia mate, na mdomo ulikuwa mkavu kama ganda la yai. Nikasema amina. Akanikumbatia, akaona nimelowa, akasema Roho ameshuka.

Niliondoka nikicheka kimoyomoyo. Nawaambia hili ili mjue kwamba nilianza siku hiyo nikiwa na furaha.

Jamhuri, uso ukutani

Mizani ya kibanda chetu ni ile ya zamani, unasimama juu ya bati na mtu anasogeza kichuma kwenye mkono wenye namba. Mwalimu ana desturi yake tangu zamani: anayepimwa husimama akitazama ukuta, ili asijitie hofu. Anayesoma namba ni yeye peke yake. Sote tumezoea hivyo.

Nilivua koti na sweta, nikasimama. Nilisikia kichuma kikisogezwa, kikasogezwa tena, kikarudishwa. Nilipogeuza shingo kidogo nilimwona ameinama mpaka pua inakaribia kugusa mkono wa mizani. Nikafikiri, leo anapima kwa uangalifu.

"Sitini na tano na nusu," akasema.

"Mwalimu, jana dukani ilikuwa sitini na nne."

"Nimekwambia juu ya mizani ya dukani."

"Leo nimetembea na kutoka jasho. Nitaongezekaje?"

"Wambui." Alitamka jina langu polepole kama mtu anayefunga mlango. "Kilo moja na nusu. Vaa. Utatembea mpaka mjini, mimi nitakufuata na pikapu. Ukianguka nitakuokota."

Hapa ndipo mnaponikatiza dukani na kuuliza kwa nini sikugeuka nikaisoma mwenyewe. Mizani ilikuwa nyuma ya kisogo changu. Mtu akikwambia kweli kwa miaka kumi na sita, huoni sababu ya kugeuka. Nilivaa sweta zilizolowa, zikiwa zimeshapoa, na nikatoka.

Barabara ya Ngong

Mwanzoni nilihesabu hatua. Baadaye niliacha. Nikitembea, pikapu ya Mwalimu ilitambaa nyuma yangu ikiwasha taa za tahadhari. Nikisimama kushika magoti, ilisimama. Magari yalimpigia honi. Ulimi wangu ulikuwa umenata kwenye kaakaa.

Karibu na maduka ya Adams nilisikia kishindo nyuma, na kioo kuvunjika. Pikapu ilikuwa imesukuma pikipiki iliyoegeshwa kando, ikaanguka kwenye mtaro. Vijana wa bodaboda walitoka kila upande.

"Buda, kwani huoni?"

"Sikuiona," Mwalimu akasema. Alikuwa ameshuka, mikono imeshika mlango.

"Pikipiki nyekundu hivi, mchana hivi, hukuiona?"

Mmoja akanigeukia. "Sista, huyu mzee anakusumbua? Tumemcheki. Wewe ukitembea, anatembea. Ukisimama, anasimama."

"Ni mwalimu wangu."

"Mwalimu wa nini? Wewe ni mama mzima."

Nilitaka kueleza, sauti ikatoka kama mlango mbovu. Wakanitazama uso, wakaanza kusema mgonjwa huyu, anapelekwa wapi huyu, mmoja akachomoa ufunguo wa pikapu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza matunda alinisukumia chupa ya maji mkononi. "Kunywa, mama. Utatuangukia hapa."

Maji yalikuwa baridi. Nilitia fundo moja mdomoni, nikalishikilia pale kadiri nilivyoweza, kisha nikalitema chini.

Vijana wakarudi nyuma.

"Umetema?" mama akauliza. "Kwani maji yangu iko na nini?"

"Haina kitu, mama. Samahani. Napunguza uzito. Nina mashindano."

Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Upunguze nini tena? Hapo hakuna kitu imebaki."

Ilichukua karibu saa nzima. Mwalimu alielewana na mwenye pikipiki, ufunguo ukarudishwa, na wale vijana waliotaka kumpiga wakanisindikiza mpaka ilipoanza njia ya kupanda kwenda hospitali kuu, wakipiga honi ili magari yanipishe. Mmoja alinipigia saluti. Nilipogeuka nilimwona Mwalimu bado amesimama kando ya gari, akipapasa mbele ya gari kwa kiganja, kutafuta palipobonyea.

Mjini, chumba cha kupimia

Nilifika ukumbini katikati ya jiji dakika kumi na tano kabla ya mlango wa kupimia kufungwa. Wanaume hawaingii chumba cha wanawake, kwa hivyo Mwalimu alibaki nje. Nilivua kila kitu. Nailoni ilitoka na sauti ya kubanduka. Nilipanda kwenye mizani ya umeme, na kwa mazoea nikatazama ukuta.

"Sitini na mbili nukta nne," akasema mama aliyekuwa akipima. Akacheka kwa upole. "Ungekunywa hata chai."

Nikamwomba nipande tena. Sitini na mbili nukta nne.

Fanyeni hesabu kama nilivyoifanya pale nikiwa uchi, natetemeka. Hata kama nilipoteza kilo moja na nusu nzima kwa kutembea, basi pale Jamhuri asubuhi nilikuwa chini ya sitini na nne. Nilikuwa nimeshafika. Mizani ya magunia ilisema kweli.

Nje Mwalimu aliuliza, "Ngapi?"

Nilimwambia. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Alikaa kwenye ngazi, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati muda mrefu.

"Mizani yetu imeharibika," akasema. "Kula, puttar. Kula sasa hivi." Hilo ni neno la kwao, la kumwita mtoto.

Kulikuwa na saa mbili tu kabla ya kuanza. Nilikula viazi vya kuchemsha na chumvi, ndizi, maji ya glukosi. Tumbo lilivipokea kama mtu aliyeamshwa kwa kofi. Nilitapika nusu. Msichana mmoja alikuja akanifunika blanketi lake. Alikuwa Nafula, ana miaka ishirini na mmoja, na ndiye niliyekuja kumshinda.

"Auntie, uko sawa? Umekuwa rangi ya majivu."

"Niko sawa."

"Hauko," akasema, akaketi kando yangu mpaka alipoitwa kwenda kupasha mwili moto.

Jukwaani

Tunanyanyua kwa namna mbili. Ya kwanza, chuma kinatoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Ya pili, unakileta kwanza mabegani, unasimama nacho, kisha unakisukuma juu. Kila namna una majaribio matatu. Wanachukua bora yako ya kila namna, wanajumlisha.

Kwa mkupuo mmoja tulikuwa tumepanga sabini na nne. Mwalimu alishusha hadi sitini na nane, uzito ninaonyanyua mazoezini nikipiga soga. Mara ya kwanza chuma kilifika usawa wa macho kikaanguka mbele. Mara ya pili niliingia chini yake, paja la kulia likakaza kama kamba, nikakaa chini kama mtoto. Ukikosa zote tatu huna jumla. Ni kama hukuja. Nilisimama mbele ya jaribio la tatu nikisikia damu masikioni. Sijui nilikinyanyua vipi. Najua kwamba taa tatu nyeupe za waamuzi ziliwaka, yaani wamekubali, na kwamba nilimtafuta Mwalimu kwa macho, na yeye alikuwa akitazama pembeni kidogo ya mahali nilipokuwa.

Nafula alimaliza na jumla ya mia moja sitini na nne. Kwa namna ya pili nilipata themanini na sita, kisha tisini. Kama ningekuwa na ile sabini na nne tuliyopanga, ningehitaji tisini na moja tu. Sasa nilihitaji tisini na saba, ambayo sijawahi kunyanyua maishani.

"Si lazima," Mwalimu akasema. "Tisini inatosha. Nishani ya pili ni nishani."

"Weka tisini na saba."

Wakaweka.

Nilikivuta. Kilikuwa kizito namna ambayo hata mikono haiamini. Kilifika mabegani, nikashuka nacho mpaka chini kabisa, makalio yakagusa visigino, na pale chini nilikaa muda ambao nyinyi mngeweza kusema Baba Yetu. Kisha nilianza kupanda. Ukumbi ulipiga kelele. Nilinyoosha magoti. Nilisimama wima na kilo tisini na saba kwenye mifupa ya mabega, chuma kinanibana koo, na mwanga ukaanza kufifia kutoka pembeni.

Ilibaki kusukuma. Niliagiza miguu. Haikuja. Niliagiza tena. Nilihesabu hadi tatu, nikajua kwamba nikizimia kitaniangukia, nami nina mtoto nyumbani. Nikakiachia mbele. Kishindo chake kilitetemesha viti.

Nafula ndiye atakayesafiri. Alilia kuliko mimi.

Mjini hadi Kitisuru

Nilipanga kurudi Waithaka moja kwa moja. Lakini mlangoni Mwalimu alinitupia ufunguo wa pikapu. "Endesha wewe. Nimechoka." Kwa miaka yote hiyo hajawahi kumpa mtu ufunguo huo. Tulikwama kwenye foleni ya magari Westlands mpaka jua likaanza kushuka. Nilikunywa chupa mbili za maji nikiendesha, na kila fundo lilinikumbusha yule mama wa matunda.

Mwalimu anaishi kwa binti yake Kiran, katika nyumba yenye ua wa michongoma mirefu. Kiran mwenyewe ndiye aliyefungua geti. Aliponiona mimi upande wa dereva, alishika kifua.

"Asante Mungu. Leo angalau amekubali kuendeshwa."

"Kwa nini?"

Alinitazama, akamtazama babake. "Kwani hakukwambia? Ana presha ya macho. La kushoto limeisha. La kulia anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari alimkataza gari tangu mwaka jana. Kila Jumamosi namfichia ufunguo, kila Jumamosi anaupata."

Mwalimu aliingia ndani akigusa ukuta.

Tuliketi mezani. Kiran alipakua dengu za moto na chapati zilizopakwa siagi, chakula nilichokuwa nikikiota tangu Alhamisi. Nilikula kipande kimoja nikaweka chini. Nilimwona Mwalimu akitafuta kikombe chake kwa vidole, taratibu, kwa mtindo ambao bila shaka alikuwa akiutumia mbele yetu mwaka mzima. Nilijua nikifungua mdomo nitasema neno ambalo halirudi. Nikaomba mahali pa kulala, nikalala na nguo zangu.

Kitisuru, asubuhi

Nilimkuta barazani, chai mbili mezani. Alisikia hatua zangu.

"Paja la kulia bado linauma," akasema. "Unalivuta."

"Kwa nini hukuniambia?"

Hakujifanya haelewi. "Ningekwambia, ungetafuta mwalimu mwingine."

"Ningetafuta mtu wa kusoma mizani! Ni hilo tu, Mwalimu. Mtu mmoja wa kusoma mizani."

Alikubali kwa kichwa. Mikono yake ilikuwa mapajani, mikubwa, na alama za zamani za grisi ambazo haziwezi kutoka. "Jana nilipoona namba zinachezacheza, nilijua sijui. Ningeweza kukwambia uisome wewe. Lilikuwa neno moja. Nilikuwa nimelishika mdomoni hapa. Nikaona haya, nikataja namba."

"Ulikisia."

"Nilikisia."

Nilisimama nikaenda mpaka mwisho wa baraza. Nilitaka kuvunja kitu. Miaka kumi na sita, mimba, bega, orodha ya Jumatatu, na mwishowe aibu ya mzee. Nilipiga ukuta kwa kiganja mara moja. Hakugeuka.

Akasema, "Naomba uniambie kitu. Ile ya mwisho. Nilisikia watu wakipiga kelele, kisha nikasikia kishindo. Ulisimama nayo?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Kwamba alikuwa pale, hatua kumi kutoka jukwaani, na hakuona.

"Nilisimama," nikasema.

"Magoti?"

"Yalinyooka yote mawili."

"Viwiko?"

"Vilikuwa juu."

"Tisini na saba." Alitamka namba hiyo kwa sauti ndogo sana. Machozi yalimshuka kwenye ndevu, hakuyafuta. "Niambie tangu mwanzo. Usiruke kitu."

Nikarudi nikaketi. Nilimweleza nilivyoshika chuma, nilivyopumua, pale chini nilipokwama, bega lipi lilitangulia kupanda. Aliuliza maswali kama siku zote. Nilipofika mahali nilipokiachia nilimwambia pia, bila kulainisha. Kisha nikamwambia kwamba sijamsamehe.

"Najua," akasema. "Kunywa chai."

Kurudi Waithaka

Kiran alitaka kunirudisha, lakini Mwalimu alileta ufunguo mwenyewe, akauweka kiganjani mwangu na kukifunga kwa vidole vyake. "Peleka gari. Likibaki hapa nitaliendesha." Jumanne nitampeleka kwa daktari wa macho, kwa sababu Kiran yuko kazini, na kwa sababu jicho la kulia bado linaweza kuokolewa. Zaidi ya hapo sijui. Kuhusu kunyanyua tena msiniulize. Paja halijapona na mimi pia sijapona.

Nilipita Kangemi polepole, madirisha wazi. Nilipoingia Waithaka kanisa lilikuwa linatoka. Muthoni aliniona wa kwanza akakimbia, kisha nyinyi nyote mkaiona pikapu, na mtu mmoja, sitamtaja, akapiga kigelegele: "Wambui ameshinda gari!" Mkaanza kuimba. Mlizunguka ile pikapu mkiipigapiga mabati, mkigusa pale mbele palipobonyea, na Muthoni alikuwa ameshapanda nyuma anacheza.

Nilizima injini nikabaki nimekaa pale ndani. Nilishindwa kuwanyamazisha.